Jamaa wa IT akae wapi kwenye kikao?

Siku moja niliitwa chumba cha mikutano nikafunge projekta. Ofisi ilikuwa Area D hapa Dodoma, kampuni ya kununua alizeti na kukamua mafuta, na mimi ndo nilikuwa mkuu wa kitengo cha TEHAMA, kitengo chenyewe watu wawili, mimi na kijana wa field kutoka chuo. Nikafunga projekta, nikahangaika na waya, picha ikatokea ukutani, ajenda zikasomeka. Ajenda namba tatu: mfumo mpya wa manunuzi na malipo ya wakulima. Nikavuta kiti nikae. Mkurugenzi akaniangalia kwa upole kabisa akasema, "Asante sana kijana, ikizingua tutakuita."

Nikatoka nikafunga mlango taratibu. Saa kumi jioni naambiwa mfumo umeshanunuliwa, malipo ya awali yameshaenda, kazi yangu ni kuhakikisha unafanya kazi kabla msimu haujaanza.

Kila mtu akiniuliza kiongozi wa TEHAMA ana kazi gani kwenye biashara huwa naanzia hapo mlangoni, maana mambo mengine yote, cheo, mshahara, digrii, yanafuata baada ya kujua huyu mtu anakuwa upande gani wa ule mlango maamuzi yakifanyika.

Kinachotuchanganya kwanza ni jina. Ukisema "jamaa wa IT" hapa kwetu umetaja watu kama wanne kwa mpigo. Kuna anayebadili wino wa printa na kukwambia zima washa. Kuna anayekesha na seva na mtandao. Kuna anayeandika programu. Alafu kuna wa nne ambaye kazi yake ni kuamua biashara itumie teknolojia gani, wapi, kwa hela ngapi, na muhimu zaidi isitumie wapi. Kwenye magari hatuna huu mkanganyiko hata kidogo. Hamna mtu Dodoma anayemchanganya fundi wa fuso na mwenye kampuni ya usafirishaji, fundi anajua kwanini gia inagoma, mwenye kampuni anajua kwanini wiki hii gari ziende Kibaigwa kubeba mahindi na siyo kwenda kukaa foleni sehemu nyingine. Wote wanashinda na magari ila hawafanyi kazi moja. Sasa ikija kwenye kompyuta tunachukua fundi mzuri, tunampa cheo cha meneja, tunamwachia bisibisi mkononi, alafu baada ya mwaka tunashangaa mbona hana mkakati.

Wamarekani walianza kutumia cheo cha CIO (Chief Information Officer) kwenye makampuni miaka ya 1980, na ukikitafsiri ni ofisa mkuu wa taarifa. Angalia neno lenyewe, taarifa. Kompyuta haijatajwa humo. Wazo lilikuwa kwamba awepo mtu mmoja anayejua ndani ya kampuni taarifa gani inazaliwa wapi, inapita kwa nani, inachelewa wapi, nani anaihitaji ili afanye uamuzi. Kompyuta ni bomba tu la kupitishia.

Alafu kuna historia nyingine inayoeleza kwanini ofisi nyingi mtu wa IT yuko chini ya mhasibu. Kompyuta zilipoingia maofisini kazi zake za kwanza zilikuwa mishahara na vitabu vya hesabu, kwahiyo zikakaa uhasibuni, na mtu wake akakaa huko huko mpaka leo. Sina ugomvi na wahasibu, nimefanya kazi na mmoja mwenye akili kuliko mkurugenzi. Ila mhasibu kwa asili ya kazi yake anakuona wewe ni matumizi. Kila ukimfikia unadai hela, laiseni imeisha, betri za yupiesi zimekufa, bando la ofisi limeisha kabla ya mwezi, na yeye kazi yake ni kubana. Mkikaa hivyo miaka mitano mnaishia kuzungumzia gharama tu, hamna siku hata moja mtaongelea mauzo.

Hapa inabidi nifungue kidogo habari ya hela maana ndo kiini cha hilo neno mkakati linalotumika hovyo siku hizi. Hela ya TEHAMA ina mifuko miwili. Mmoja ni wa kuendesha, yani kuhakikisha kesho mambo yapo kama yalivyokuwa jana, intaneti, matengenezo, bakapu, antivairasi, mashine ya risiti za TRA (EFD) ikigoma fundi aje. Mwingine ni wa kubadilisha, kufanya kitu ambacho jana kampuni haikuweza kukifanya. Kwenye biashara nyingi nilizopita mfuko wa kwanza unameza karibu kila kitu, na ule wa pili ukipata hela basi unaliwa na kitu kimoja kikubwa ambacho bosi alikiona kwenye semina. Kiongozi wa kweli kazi yake ngumu ni kupunguza wa kwanza bila kuangusha nyumba, alafu hela inayobaki aipeleke sehemu moja inayouma kweli. Sehemu moja nimesema. Anayekuletea miradi tisa kwa mwaka hajachagua kitu, kakuletea orodha ya matamanio.

Na sehemu inayouma utaijuaje? Turudi kwenye alizeti.

Ule mfumo ulionunuliwa nikiwa nje ya mlango ulikuwa na aplikesheni ya simu, nzuri, rangi ya njano, ua la alizeti linazunguka wakati inafunguka. Mkulima anajisajili, anaona bei ya siku, anapanga foleni akiwa nyumbani. Kwenye projekta ilipendeza sana. Mimi nikaomba kitu kimoja, kabla ya kusimika chochote nipewe wiki nikakae kituoni kwetu njia ya Kibaigwa, kwenye mizani. Mkurugenzi akaona naenda kupumzika lakini akakubali.

Nikapewa kiti cha plastiki chini ya kivuli cha bati. Siku ya kwanza nilichoona ni vumbi na foleni. Magari yanafika kuanzia saa kumi na moja alfajiri, fuso, tractor zenye tela, pikipiki zenye gunia mbili, wazee wanasalimiana mbukwenyi, salamu ya Kigogo, madalali wanazunguka na simu sikioni. Simu zenyewe nikaanza kuziangalia, nyingi ni vitochi. Pale pale nikajua lile ua la njano halitazunguka kwenye simu ya mtu.

Siku ya pili nikafuatilia karatasi. Mama wa mizani anapima gari na mzigo, anaandika kwenye kaunta buku. Gari linashusha, linapimwa tupu, anatoa, anaandika uzito halisi. Alafu anapiga picha ile kurasa kwa simu yake mwenyewe, bando lake mwenyewe, anatuma kwenye grupu la WhatsApp. Mjini mhasibu msaidizi anaikuza ile picha, anachapa kwenye Excel, saba anaisoma moja ikiwa mwandiko ni wa haraka. Excel inasubiri bei. Bei anaidhinisha mkurugenzi peke yake, na mkurugenzi yuko safarini, au yuko kikaoni, au simu imezima, akishaidhinisha ndo malipo yanaenda kwa simu. Mkulima aliyepima Jumatatu saa mbili asubuhi anapata hela Jumatano jioni, akibahatika.

Umbali wa kurusha jiwe kutoka kwetu kulikuwa na mnunuzi mwingine, hana mfumo, hana projekta, bei yake iko chini kidogo ya yetu, ila analipa kabla gari halijageuza. Foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya kwetu. Nikamuuliza mzee mmoja kwanini anaenda kuuza pale kwa bei ya chini, akanijibu kama anamwelewesha mtoto, "Kijana, mimi mwenye gari ananidai leo."

Basi hapo ndo nikaelewa ile biashara. Sisi tulidhani tunashindana kwa bei na kwa ubora wa mafuta. Kumbe kituoni tulikuwa tunashindana kwa kitu kimoja, nani analipa haraka. Na kinachochelewesha malipo hakikuwa kompyuta kabisa, kilikuwa ile idhini ya bei iliyokaa kwenye simu ya mtu mmoja. Unaweza kununua mfumo wa bei ya ghorofa ukauweka pale na mkulima akaendelea kulipwa Jumatano, tofauti ni kwamba sasa atachelewa kidijitali.

Nilichopeleka mjini kilikuwa karatasi moja. Kila siku saa moja asubuhi mkurugenzi anaweka bei na kiwango cha juu, ndani ya hicho kiwango mkuu wa kituo ana ruhusa ya kununua bila kupiga simu. Mizani iunganishwe na kompyuta moja ili uzito uingie wenyewe, mtu asiuandike mara tatu. Malipo yatoke siku hiyo hiyo kwenye namba ya simu ya mkulima, na aplikesheni tuisimamishe kwanza. Hamna cha ajabu cha kiufundi humo, kijana wangu wa field angeweza kuifanya sehemu kubwa. Ugumu ulikuwa kumwambia mkurugenzi, kwa heshima zote, kwamba foleni inakwamia kwenye simu yake. Nilimwandalia maneno siku tatu. Nilipoyasema alikaa kimya mda, akaniuliza una uhakika, nikamwonyesha picha za kaunta buku zenye tarehe pembeni ya tarehe za malipo.

Sasa msidhani nilikuwa shujaa. Wiki ya kwanza ya ule mfumo wetu mdogo hesabu zikagoma, stoo wanapokea alizeti pungufu kuliko tuliyolipia, kila siku, kiasi kile kile kama cha wizi wa kupangwa. Nikakagua waya, nikakagua programu, nikamtilia mashaka mtu wa stoo ambaye mpaka leo namwonea aibu. Siku ya nne nikarudi kwenye kile kiti cha plastiki. Fuso inapanda mizani imejaa, utingo wawili wamekaa juu ya magunia. Inapimwa. Inashusha. Inarudi kupimwa tupu, utingo hawapo, wameenda kunywa chai. Yani tulikuwa tunanunua utingo. Fanya wawili wana kilo 130, chukua bei ya mfano tu shilingi 1,000 kwa kilo, ni 130,000 kwa gari, gari ishirini kwa siku ni 2,600,000. Zamani kwenye kaunta buku mama wa mizani alikuwa akiwaona anawashusha au anapunguza kichwani. Kompyuta haikuwa na macho, ikawa inaandika uongo kwa usahihi wa kilo moja moja. Nilipomuuliza yule mama mbona hukusema akasema, "Mwanangu, hilo tunalijua siku zote, mlikuja na mashine yenu hamkuniuliza." Hakunikasirikia, alikuwa anafuta vumbi kwenye kioo. Nikamwambia samahani mama, na tukaongeza kitufe kimoja tu kwenye programu, cha kuthibitisha kwamba gari halina mtu.

Kwahiyo nikisema kiongozi wa TEHAMA lazima aijue biashara simaanishi asome ripoti ya mwaka. Namaanisha ajue utingo anashuka saa ngapi.

Upande wa pili wa kazi hii hauna utamu, ni upande wa kukataa na kuuliza. Mfano wa nje ambao nauona unafaa sana ni wa benki ya TSB ya Uingereza. TSB ilikuwa bado inatumia mifumo ya Lloyds, benki ambayo TSB ilimegwa kutoka kwake, na ilishanunuliwa na Sabadell ya Hispania, ikaamua kuhamia kwenye mfumo uliotengenezwa upande wa wamiliki wapya. Wakahamisha wateja zaidi ya milioni 5 kwa wikiendi moja, Aprili 2018. Walipofungua, kuna waliokuta taarifa za akaunti za watu wengine, na wateja mpaka milioni 1.9 walijikuta wamefungiwa nje ya akaunti zao. Mkurugenzi mkuu, Paul Pester, aliondoka Septemba mwaka huo huo. Desemba 2022 mamlaka za usimamizi zikaipiga benki faini ya pauni milioni 48.65. Na kipande ambacho watu wa fani yangu wanatakiwa wakibandike ukutani ni hiki, Aprili 2023 aliyekuwa CIO wa benki, Carlos Abarca, alipigwa faini ya pauni 81,620 yeye kama yeye, mfukoni mwake. Hakuandika programu mbovu wala hakuiba. Kosa lilikuwa kwamba hakujiridhisha ipasavyo kama kampuni iliyokuwa inawajengea na kuwaendeshea mfumo, kampuni dada ya huko huko kundini, ilikuwa tayari kweli kama ilivyosema iko tayari.

Ukilitafakari hilo utaona kiongozi wa TEHAMA anauza uamuzi. Muuzaji wa mfumo anakwambia tuko tayari, wewe unamuuliza mmejaribu na watu wangapi kwa wakati mmoja, ikigoma tunarudije nyuma, nani anapokea simu saa nane usiku, na asipokujibu vizuri unarudi kwa wakubwa unawaambia hatuhami mwezi huu. Wanachukia. Tarehe imeshatangazwa, mgeni rasmi ameshaalikwa, keki imeshaagizwa. Lakini kama kiongozi wa TEHAMA hana ubavu wa kusema hatuhami basi kampuni imeajiri fundi mwenye tai.

Kwetu Dodoma hili jambo lina uzito wake wa peke yake na sidhani wafanyabiashara wengi wa hapa wameliona lilivyo. Uamuzi wa makao makuu kuja huku ulifanyika 1973 lakini tukakaa mda mrefu tukisubiri, mpaka 2016 serikali ilipoanza kuhamia kweli, 2018 tukawa jiji, Mtumba ikajaa majengo ya wizara. Biashara nyingi hapa zinaishi kwa serikali, za vifaa vya ofisi, chakula cha semina, usafi, ukarabati, usafiri. Na serikali yenyewe ikahamia kwenye mifumo. Malipo ya kwenda serikalini tangu 2017 yalianza kwenda kwa kontro namba, zabuni tangu 2023 ziko NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni uliochukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS. Mtu anauza viti maeneo ya Majengo, viti vizuri kabisa, ila kwenye NeST nyaraka zake hazijakaa sawa, mwenzake mwenye viti vya kawaida anashinda. Unaweza kusema huyo hana shida ya IT, ana shida ya makaratasi. Mimi nasema ni kitu kile kile. Mtu wa kukaa na kuona mapema kwamba mlango wa kuingilia kwa mteja mkubwa umehama, kutoka kaunta kwenda kwenye skrini, huyo ndo kiongozi wa TEHAMA hata kama kwenye duka hilo ni binti wa mwenye duka aliyemaliza UDOM juzi.

Sheria nayo imeingia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 ikaanza kutumika 1 Mei 2023, na kuna Tume yake kabisa. Yale majina ya wakulima, namba za simu, namba za NIDA, tuliyokuwa tunarusha kwenye grupu la WhatsApp lenye watu arobaini, wengine walishaacha kazi, sasa ni wajibu wa kampuni kisheria. Nilipompelekea mkurugenzi hili sikumwambia habari za usimbaji na vibali vya kuingia kwenye mfumo, nilimuuliza tu mzee, kwenye lile grupu unawajua wote? Akafungua simu akaanza kushusha majina. Hakufika mwisho.

Kuna na ile Jumapili ya 12 Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika, EASSy na Seacom, intaneti ikayumba Afrika Mashariki. Dodoma hatuna bahari, ya karibu ni kama kilomita 450 huko Dar, ila siku ile bahari ilitufikia mpaka dukani. Biashara nilizokuwa nazisaidia kipindi hicho ziligawanyika mara mbili. Zilizokuwa na kila kitu klaudi bila nakala hapa ndani zilisimama zikaangalia kioo kinazunguka, na zile ambazo mtu alishauliza mapema "mtandao ukiondoka siku nzima tunauzaje" ziliendelea kuandika mauzo kwenye mashine ya dukani, zikapeleka juu mtandao uliporudi. Hamna aliyewapongeza hawa wa pili. Kazi hii ukiifanya vizuri haionekani, na ndo maana bajeti yake inakatwa kwa urahisi, bosi anaona miaka miwili hamna tatizo kwahiyo huyu analipwa kwa ajili gani.

Sasa niseme na sisi wenyewe, maana lawama zote tukiwatupia wakubwa tutakuwa waongo. Wengi wetu hatuitwi kikaoni kwasababu tukiitwa tunaongea kama tuko peke yetu. Mtu anasimama mbele ya mkurugenzi anasema seva imejaa tunahitaji diski za kuongeza na kumbukumbu zaidi. Mkurugenzi anasikia hela, hela. Sema hivi, bosi, kwa kasi hii kuanzia wiki ya pili ya mwezi ujao hatutaweza kuingiza mzigo mpya kwenye mfumo, na huo ndo mwezi wa msimu. Hapo atakuuliza mwenyewe inagharimu kiasi gani. Ni kitu kile kile umesema, ila cha pili kinamhusu.

Ugonjwa mwingine ni wa kuficha funguo. Namjua jamaa, sitasema wa wapi, alikuwa anashika paswedi zote kichwani, tovuti ya ofisi kaisajili kwa imeili yake binafsi, bakapu iko kwenye hard disk anayotembea nayo kwenye begi. Alidhani anajenga umuhimu wake. Walipogombana na mwenye biashara kuhusu likizo akaondoka nayo yote, wakakaa wiki tatu hawajui hata mteja gani anadaiwa. Mwenye biashara alimlaani sana, na alistahili kulaaniwa, lakini mimi nilimuuliza, we mzee ulikuwa unamuuliza nini huyu kijana miaka yote minne? Akafikiri. Akasema nilikuwa namuuliza kama printa imepona.

Mwenye biashara ndogo anaweza kusema haya ni ya makampuni makubwa. Cheo kweli ni cha wakubwa, sikushauri uajiri CIO kwa duka la vifaa vya ujenzi Nkuhungu. Kazi yenyewe lakini ipo hata dukani, na inahitaji labda saa moja kwa wiki ya mtu mwenye akili timamu anayeruhusiwa kukuuliza maswali. Simu yako ya malipo ikiibiwa leo jioni kesho unauza vipi. Daftari la madeni lina nakala wapi. Nani mwingine anajua namba ya siri. Ukilipa mtu wa kukutengenezea mfumo, taarifa zako ni zako au zake siku mkiachana. Hilo la mwisho liandikwe kwenye mkataba, usiliache kwa mdomo.

Na saivi kila kikao kuna anayesema tuweke akili mnemba. Sawa, tuweke, sina kinyongo, vingine vinasaidia kweli. Ila ukiilisha namba za mizani yenye utingo juu ya magunia itajifunza utingo, tena itakutabiria utingo wa mwakani kwa grafu nzuri sana.

Kuhusu ile kampuni ya alizeti, mwaka uliofuata kulikuwa na wazo la kufungua kituo kipya upande wa Singida. Nikapigiwa simu na katibu muhtasi, njoo chumba cha mikutano. Nikabeba waya wangu kama kawaida. Nilipomaliza nikasimama kusubiri kuambiwa asante, mkurugenzi akanionyesha kiti kwa kidevu, akasema kaa hapo, kabla hatujaanza hebu tuambie kule mizani tunaiweka wapi. Nikasema mzee, kabla ya mizani nani ataweka bei asubuhi ukiwa safarini? Mhasibu akacheka. Mkurugenzi hakucheka, akachukua kalamu.

Kikao kilipoisha wote walitoka wakaniacha nakunja waya wa projekta.